Jibu Kama Mimi

4 Machi 2018

Mdogo wangu Kidomo,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa watoto. Sisi tu wazima, isipokuwa huyu wa mwisho ana mafua, na kwake mafua ni sehemu ya sare ya shule. Wewe sikuulizi hali kwa sababu naijua. Mtu anayetokwa na damu siku kumi na nane kwa mwezi ana hali gani ya kuulizwa?

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu kiwandani simu zinafungiwa kabatini, na nyumbani hawa watoto hawakosi neno. Soma, kariri, kisha chana.

Jana mapumziko ya mchana nilikwenda kwa karani wa Mfuko wa Matibabu. Akanifungulia kitabu cha kanuni. Mwanachama ni mimi ninayekatwa mshahara. Wategemezi wangu ni mume na watoto, mwisho miaka kumi na minane, na kama bado anasoma, ishirini na mmoja. Mdogo wa mwanachama hayumo. Nikamwambia, "Huyu tumelala naye kitanda kimoja miaka kumi." Akasema, "Kitanda hakimo kwenye kanuni, mama." Akacheka, nami nikacheka, lakini moyoni nilitamani kumzaba kibao. Na hata kama ungeruhusiwa kuingia leo, ugonjwa unaoingia nao haulipiwi mpaka utimize mwaka mzima. Wewe mwaka huo unao?

Kwa hiyo utatumia kadi yangu. Usianze! Nakusikia huko unavyovuta pumzi. Picha ya kwenye kadi ni ya zamani, nilikuwa mwembamba, na sura zetu unajua mwenyewe watu wanavyosema. Kariri haya: una miaka thelathini na minane, si ishirini na tisa. Umeolewa. Una watoto watatu, wote umezaa kwa njia ya kawaida. Una presha, unakunywa kidonge kimoja asubuhi. Kazi yako mshonaji wa sare. Saini yangu nimekuandikia mara kumi hapo chini, fanya mazoezi hadi mkono uzoee.

Jibu kila kitu kama mimi. Usiongeze, usipunguze, na tafadhali usianze kusimulia, maana mdomo wako naujua. Ukijikanyaga mara moja tu, mimi nafutwa uanachama, kazini natimuliwa, na hawa watatu sijui nitawalisha nini. Unasikia?

Wakutoe huo uvimbe wa kizazi unaokumwaga damu, urudi kwenye saluni yako usuke watu na kusengenya.

Ni mimi dada yako


29 Machi 2018

Dada,

Salamu. Natumaini mafua ya mtoto yamepungua.

Nimetoka hospitali juzi. Damu imekoma. Waliona uvimbe ni mwingi, wakatoa na kizazi. Nilijibu yote kama ulivyosema, hakuna aliyeshuku. Kadi naituma pamoja na barua hii, nimeifunga kwenye kitambaa.

Asante.

Mdogo wako


20 Aprili 2018

Mdogo wangu,

Pole, pole, pole sana. Barua yako niliisoma chooni kiwandani, nikatoka macho mekundu, msimamizi akadhani nimeumwa.

Lakini sasa tuseme ukweli. Ungekufa. Nilikuona nilipokuja Desemba, umekuwa mweupe midomo, unapanda ngazi nne unakaa. Kizazi kimekwenda, wewe umebaki, na mimi nilimwomba Mungu ubaki wewe. Wangapi wana vizazi na hawana raha? Na usiseme huna mtoto. Watoto wangu ni wako. Mkubwa jana kaniuliza lini mama mdogo anakuja kumsuka, nikamwambia ukipona.

Taarifa ya madai imefika kwangu, karatasi nzima imeandikwa jina langu na yote waliyonifanyia. Nimeisoma mpaka nikajishika tumbo. Nimeiweka chini ya godoro.

Mbona umeandika mistari mitano tu? Wewe wa kuandika mistari mitano? Niandikie vizuri.

Dada yako akupendaye


11 Julai 2020

Dada,

Salamu kwako na kwa wanao, na samahani kwa ukimya, najua umepita mwaka wa pili.

Nimeolewa. Harusi ilikuwa ndogo, ofisini, watu sita. Mume wangu ni fundi umeme, mtu mtulivu, anafua nguo zake mwenyewe. Ana mama yake tunayekaa naye, huyo si mtulivu. Kazini kwake wako kwenye Mfuko huohuo wenu, kaniandikisha mtegemezi. Fomu iliuliza kama nimewahi kupasuliwa. Nikajaza "hapana", maana kwa karatasi aliyepasuliwa ni wewe.

Hajui. Anasubiri mtoto. Ukinipigia simu anaweza kuipokea yeye, kwa hiyo ukiwa na neno andika kwa sanduku la saluni. Na usiandike habari zile.

Mdogo wako


6 Januari 2022

Mdogo wangu,

Salamu kwako, kwa shemeji na kwa mama mkwe wako mkali. Huku tupo. Mkubwa amemaliza mtihani, wa kati kavunja jino, wa mwisho anakula kama amekodiwa.

Umesema nisiandike habari zile. Nitaziandika, utanisamehe.

Baba watoto alirudi mwaka jana, akakaa mwezi mmoja, akala, akalala, akaapa amebadilika, akaondoka tena. Ameniachia mimba. Ndiyo, cheka. Miaka arobaini na miwili! Wenzangu kiwandani wananiita bibi harusi. Mimba ina wiki ishirini na saba, na daktari anasema kondo la nyuma limekaa chini, limeziba njia ya mtoto. Uchungu ukinianza mwenyewe nitamwaga damu, nife mimi na mtoto. Lazima nipasuliwe kabla, katikati ya Machi, na hospitali hainiweki kwenye orodha ya upasuaji bila kibali cha Mfuko. Zahanati ya bure hapa mtaani haina hata chumba cha upasuaji.

Nikaenda kwa karani na barua ya daktari. Akafungua faili, akasoma, akavua miwani. "Mama, wewe ulitolewa kizazi mwaka 2018. Mfuko ulilipia." Nikamwambia, "Na humu nimebeba nini, mto?" Akasema, "Ndiyo maana nauliza. Picha ya kipimo inaonyesha unacho. Sasa yule tuliyemlipia sisi alikuwa nani?"

Jasho lilinitiririka mpaka kwenye viatu. Nimeitwa mbele ya kamati ya madai, wanaume wawili na mwanamke mmoja anayekula karanga, wakanisomea kanuni ya kuazimisha kadi. Nikinyamaza, nafutwa, na kibali hakuna. Nikisema kadi iliibwa, wanalipeleka jambo polisi wamtafute mwizi, na mwizi ni wewe. Njia ya tatu ni aliyetumia kadi aandike kwa mkono wake kwamba ndiye aliyepasuliwa, asaini, aambatishe nakala ya kitambulisho. Hapo watatenganisha mafaili, mimi nitakatwa mshahara kulipa walichotumia kwako, na kibali kinatoka.

Ile ya polisi nimeikataa palepale, sikungoja wamalize. Nakuomba uandike. Karatasi moja, Kidomo. Ni maisha ya watu wawili.

Dada yako


30 Januari 2022

Dada,

Salamu. Natumaini mimba inakwenda vizuri na hujaona damu.

Barua yako imekaa saluni wiki tatu. Niliisoma siku ile ile ilipofika. Nilikuwa nafikiri.

Uliniambia nikuandikie vizuri. Basi leo nakuandikia vizuri.

Siku ya kupasuliwa nililazwa kwenye kitanda cha magurudumu koridoni, nimevaa gauni la kijani lisilo na mgongo. Daktari akaja na faili lako. Hakunitazama usoni, alitazama karatasi. Akasoma kwa sauti: "Miaka thelathini na minane. Watoto watatu. Presha." Kisha akaniambia, "Mama, uvimbe ni mwingi. Ungekuwa binti ambaye hajazaa ningekaa saa tano nautoa mmoja mmoja ili nikuachie kizazi. Lakini wewe umeshamaliza kazi, na kwa presha hii sitaki ulale mezani muda mrefu. Tunatoa chote, upumzike. Sawa, mama?"

Sawa, mama. Muuguzi alikuwa ameshika kalamu na fomu.

Nilikuwa na maneno mdomoni. Nilitaka kusema, mimi ndiye huyo binti. Nikakumbuka barua yako, kwamba nikijikanyaga mara moja watoto wako hawatakula. Nikasaini kwa saini yako. Ilitoka nzuri kuliko ya kwako.

Nilipozinduka hawakuniita kwa jina langu. Muuguzi alinipigapiga shavu akisema, "Mama watoto, amka." Ukaniandikia kwamba wangapi wana vizazi na hawana raha. Niliisoma ile barua huku bado nina nyuzi tumboni.

Hapa kila mwezi mama mkwe ananiletea dawa ya mizizi, nameza mbele yake. Mume wangu amepaka rangi kile chumba kidogo cha nyuma, ananiambia eti ni cha kuwekea vifaa vyake. Fundi umeme gani anaweka koleo na nyaya kwenye chumba cha rangi ya waridi?

Wewe ulisema watoto wako ni wangu. Nataka mmoja. Huyo wa tumboni. Si kumlea likizo, si kumsuka. Awe wangu, aniite mama, na wewe umwite mpwa. Nitawaambia hapa kwamba dada yangu amezidiwa na watoto, kanipa. Watu hupeana watoto, hakuna atakayeshangaa. Ukiapa kwa maandishi, nasaini. Usipoapa, sijui kadi wala kizazi cha mtu, na wewe nenda kamati ukawaambie niliiba. Nataka nione kama utaweza.

Mdogo wako


9 Februari 2022

Mdogo wangu,

Salamu. Nimeona damu mara mbili, kidogo, ikakata. Daktari kasema nisisimame kwenye cherehani, nimepewa kukagua vifungo nikiwa nimekaa.

Sikujua. Naapa sikujua walichokwambia kwenye ile korido. Ningejua ningekuja mwenyewe na gauni langu na tumbo langu, wanifute, wanifukuze, potelea mbali. Kwa nini hukuniambia? Miaka minne, Kidomo! Wewe ambaye ulikuwa unasema hata usiyoulizwa!

Nimeisoma barua yako mbele ya wanangu wakiwa wamelala wote watatu kwenye godoro moja, nikawahesabu. Nikasema haki yake. Ningekuwa mimi ningedai hivyo hivyo.

Basi naapa, kwa Mungu na kwa kaburi la mama yetu, mtoto huyu nikimzaa salama ni wako. Atakaa nami siku arobaini anyonye, kisha uje umchukue. Ni wa kiume, wameniambia. Mpe jina wewe.

Lakini nahitaji karatasi yako kabla ya tarehe 25, kamati haikai tena mpaka Aprili. Upasuaji umepangwa Machi 15. Na kuhusu shemeji usiwe na hofu, karani amenihakikishia kwamba maelezo yako yatabaki kwenye faili langu tu. Hayatatoka pale ofisini.

Dada yako


21 Februari 2022

Dada mpenzi,

Salamu nyingi, nyingi! Pole kwa damu, kaa, usinyanyuke, vifungo vikaguliwe na wengine.

Nimesaini. Karatasi utaipata ndani ya bahasha hii pamoja na nakala ya kitambulisho. Nimeandika kila kitu kwa jina langu na umri wangu. Kusaini saini yangu mwenyewe kulinimalizia karatasi tatu, mpaka mteja aliyekuwa chini ya mashine ya kukaushia akaniuliza kama naandika mtihani.

Dada, nisamehe kwa ukali wa barua ile. Ilikaa ndani miaka minne, ikatoka na miba. Mume wangu nimemwambia habari ya mtoto jana wakati wa chai. Aliinuka akaenda kile chumba, nikamsikia anapima ukuta kwa futi. Baadaye kaniuliza kama watoto wachanga wanaogopa feni.

Unywe maji. Usimpe jina, nimeshapata.

Mdogo wako akupendaye


24 Machi 2022

Mdogo wangu,

Salamu. Sisi hatujambo. Kibali kilitoka Machi 2, nilipasuliwa tarehe 15 kama ilivyopangwa, mtoto ana kilo tatu na robo. Nimeongezewa damu chupa mbili. Niko hai kwa karatasi yako, sitalikana hilo kwa mtu yeyote.

Simtoi.

Utasema nilimwona nikabadilika moyo. Ungepata nafuu ukidhani hivyo, lakini siandiki ili upate nafuu. Nilipoapa nilikuwa najua kwamba simtoi. Nilihitaji saini, na wewe ulikuwa umeshaniambia bei yake. Ungetaka mguu wangu ningekuapia mguu. Kaburi la mama litanisamehe au lisinisamehe.

Na la karani pia nilikudanganya. Aliniambia waziwazi kwamba watalinganisha jina lako na daftari la wategemezi, watakukuta kwenye faili la mumeo umejaza "hapana", na barua itaandikwa. Barua za Mfuko huenda kwa mwanachama, haziendi kwa mtegemezi. Nilikaa kimya kwa sababu usingesaini. Huenda ameshaipata.

Unikasirikie, sawa. Ila na mimi nina neno. Nilikwambia ujibu kama mimi, sikukwambia ulale pale ukatwe kama mimi. Ulikuwa na mdomo. Ungesema "ngoja kidogo, daktari," ukashuka kitandani, ukarudi nyumbani na damu yako, tungetafuta njia nyingine. Ulichagua kunyamaza, ukaninyamazia na mimi miaka minne, ukaja kunitoza nikiwa nimelala chali. Dada gani anamwekea mwenzake bei akiwa anavuja damu? Ndiyo, najua nawe utaniuliza dada gani anaapa uongo. Tumbo moja hilo.

Mtoto nimeshamwandikisha mtegemezi wangu. Kanuni inataka ndani ya siku thelathini, na anaandikwa kwa mama aliyemzaa, kwa hiyo hata ungemchukua asingetibiwa kwa kadi ya mumeo bila karatasi ya mahakama. Nimepata uhamisho kwenye kiwanda cha pili, mbali. Kesho asubuhi na mapema tunaondoka. Chumba hiki nimekikabidhi, simu nimebadilisha namba, na majirani sijawaambia tunakokwenda. Usije.

Barua hii naituma saluni kama kawaida. Natumaini utaisoma ukiwa umekaa.

Dada yako


25 Machi 2022

Dada mpenzi,

Salamu zangu za kheri kwako na kwa mwanangu! Tarehe 15 imepita na moyo umetulia, maana ungepata baya watoto wangenipigia. Najua una kichanga na kidonda, ndiyo maana hujaandika. Simu yako nayo haipatikani tangu asubuhi, nadhani umeizima ili alale. Umefanya vizuri.

Mume wangu amepata barua ya Mfuko. Ililetwa kazini kwake Jumatatu, akaisoma mbele ya wenzake. Sijui imetokaje ofisini, huyo karani wako mwongo, ukimwona mtemee mate. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alikaa ukingoni mwa kitanda akaniuliza kitu kimoja tu, zile dawa za mama yake nilikuwa nazimeza kwa sababu gani. Jana nimekuta nguo zangu barazani zimekunjwa, zote, hata soksi. Mama yake amesimama mlangoni na ufunguo.

Basi nimeuza viti viwili vya saluni na mashine ya kukaushia, nimemrudishia mwenye nyumba mlango wake. Usiniandikie tena kwa sanduku lile, hakuna wa kunipokelea. Nitakuja mapema kuliko tulivyopatana, lakini sitamtoa kwako kabla ya siku arobaini, usiogope. Nitalala chini, nitakufulia, nitakupikia, na wewe utamnyonyesha. Nikikaa naye hapo hapo atanizoea taratibu.

Sikulilii, dada. Wiki nzima hii nimelia, leo nimeamka nikajikuta nahesabu nepi. Nimenunua ishirini na nne, na kofia ya njano, na ile sabuni isiyokuwa na harufu. Jina nililompa nitakwambia uso kwa uso, usije ukalibeza kwenye barua.

Gari linaondoka alfajiri kesho Jumamosi. Natarajia kufika kwako saa nne, na barua hii nimempa dereva wa gari la leo jioni ikutangulie. Mzigo ni mkubwa, mtume mkubwa anipokee pale kwenye kona, na mlango usiufunge.

Mama yake